Jembe Lililogeuzwa Dirii

Siku walipokuja washenga wangu naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Maganda ya kahawa yalikuwa yakichacha nyuma ya nyumba yetu kule Iyula, jikoni moshi umejaa, na mimi nimefungiwa humo nisichungulie wageni. Nikachungulia. Jiko la zamani halikuwa na dirisha, lakini lilijengwa kwa fito, na msichana anayesubiri kuposwa hakosi upenyo. Nilimwona mzee Halinga akiingia na blanketi la jeshi begani, na ndani ya blanketi kitu kikalia kama sufuria.

Nitakueleza kilikuwa nini, maana kinakuhusu. Jana ulisimama hapo mlangoni ukaniomba lile jembe langu la matundu. Ukasema, Bibi, chuma kile cha zamani hakipatikani tena, nipe nikamalizie kifua. Nilinyamaza, ukadhani masikio yamekwisha. Nilikusikia vizuri. Nilikuwa natafuta pa kuanzia tu. Sasa nimepata, kwa hiyo kaa kwenye hicho kigoda, weka nyundo chini, na simu yako iweke mbali kidogo.

Najua unachotengeneza kwenye kibanda cha babu yako. Umeona kwenye simu Wazungu wanavyojifulia mavazi ya vita ya zamani, kofia za chuma, mikono ya chuma, kila mtu na yake, kwa kujifurahisha. Na wewe umeanza. Mapipa matatu umeshayamaliza, na majirani wanaulizana kama tunafungua gereji. Mimi sikushangai hata kidogo. Huo mchezo ulianza katika nyumba hii kabla mama yako hajazaliwa.

Babu yako Yotamu ulimjua ameshakuwa mzee, anacheka na meno machache. Mimi nilimjua ana nywele nyeusi. Alikwenda vitani Bama, kupigana na Wajapani, pamoja na vijana wengine wa Mbozi, akarudi na koti la jeshi, na viatu vilivyokataa kuisha, na kovu hapa, chini ya chuchu ya kushoto. Ndani ya kovu kilibaki kipande cha chuma. Madaktari walimwambia kukitoa ni hatari kuliko kukiacha. Basi akatembea nacho maisha yake yote, na siku za baridi ya mwezi wa saba alikuwa akikishika kwa kidole kana kwamba anamtuliza mtoto.

Huko hospitali kulikuwa na muuguzi mwenye kitabu cha picha. Ndani ya kitabu walikuwemo watu wa Ulaya wa kale, enzi ambazo bunduki hazijaja, wamevaa chuma kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Babu yako alikuwa akikiomba kitabu hicho kila muuguzi yule alipopita. Wenzake wakiomba sigara, yeye anaomba kitabu. Alirudi Iyula na picha zile kichwani, akazichora kwa mkaa kwenye ukuta wa kibanda cha uhunzi alichoachiwa na baba yake, akaanza kugonga.

Kwa kazi alikuwa fundi bati. Alitengeneza koroboi, ndoo, makarai ya kuoshea kahawa, akaziba madebe ya watu. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Kazi ya watu ikiisha, anashika ya kwake. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyenunua. Mikono aliitengeneza kwa vipande vya debe la mafuta ya taa vilivyopandana kama nyasi za paa, ili kiwiko kiweze kukunjika. Kofia aliitoa kwenye pipa la lami waliloliacha watu wa barabara, ikawa na kifuniko cha uso kinachofunguka na kufungwa. Yeye aliiita chapeo, kwa sababu neno hilo tulilisikia kanisani na hatukuwa tumewahi kuiona. Na lile la kifuani akaliita dirii, kwa sababu hiyo hiyo.

Watu walisema vita vimemla akili. Wengine walinong'ona kwamba anajiandaa kupigana na serikali, mpaka jumbe akaja kukagua. Jumbe aliijaribu chapeo, ikamkaa vizuri, akazungumza nayo kichwani muda mrefu kuhusu mambo ya kodi, akaondoka. Alifika njia panda ndipo akakumbuka kuirudisha. Baada ya hapo hatukusikia tena habari za serikali.

Mimi nilifika pale na debe linalovuja. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilimkuta anahangaika na waya, wa ule wa kufungia marobota ya nguo, aliupata kwa Mhindi wa Tunduma. Alitaka kutengeneza shati lote la vikuku vidogo, kila kikuku kimepita ndani ya vinne vingine. Lakini vikuku vyake kimoja kipana, kingine chembamba, shati likawa linavutika upande. Nikamtazama kwa muda, nikashindwa kuvumilia. Bibi yangu alinifundisha kusokota bangili za waya tangu nina miaka michache. Nikamwambia lete. Nikafunga ncha ya waya kwenye nguzo, nyingine nikaizungushia fimbo, nikawa nasogea kidogo kidogo kuelekea nguzo huku nazungusha, na mwili wote umelala nyuma. Uzito wa mwili ndio unaokaza waya, mkono unaongoza tu. Nikaukata ule msokoto, vikuku vikatoka sawasawa vyote.

Akasema, "Dada, nani kakufundisha?"

Nikasema, "Lizibe debe langu kwanza."

Debe letu lilitoboka mara nyingi mno msimu ule. Mama alishangaa. Baba hakushangaa, na ndiyo maana alianza kuongea kwa sauti kuhusu mtu mmoja wa kijiji cha Mpemba, mgane mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa ameshamtuma mtu kuniulizia. Sikuwa na ubaya naye yule bwana. Nilikuwa simtaki tu. Nilimtaka Yotamu, nikae naye pale mlangoni, yeye koleo lake na mimi koleo langu, tunafunga vikuku na kucheka mambo ya watu. Kila kitu alichotengeneza alinivalisha. Nilishawahi kupika ugali nimevaa mkono mmoja wa chuma.

Kila kitu, ila dirii. Hiyo ilikuwa na kigingi chake peke yake, mbali na vingine. Vingine viling'aa kwa kusuguliwa na mchanga, hiyo ilikuwa nyeusi, nzito, imefinyangwa kwa umbo la kifua chake hasa, na mikanda minne ya ngozi. Nilinyoosha mkono mara moja niiguse, akanishika. Akasema hiyo si ya kuchezea. Nikamuuliza ni chuma gani, maana debe haliwi hivyo wala pipa haliwi hivyo. Akainama kwenye waya wake. Nikaacha.

Sasa nikueleze mila ya ukoo wetu, nyie mmeikuta imekufa. Ng'ombe walikuwepo, na mambo mengine yalikuwepo, lakini kilichotangulia kilikuwa jembe moja. Si la dukani. Jembe la chuma kilichotoka kwenye matanuri ya udongo ya wazee wetu wenyewe, lililofuliwa na watu wa upande wa mwanamume. Jembe hilo halilimi. Linapokewa na bibi wa binti, mama yake baba, naye analihifadhi kichwani pa kitanda chake. Likiwa pale, mjukuu wake ni mke wa mtu. Likirudishwa, ndoa imekwisha, na hapaulizwi zaidi. Sasa nilipokuwa msichana matanuri yalikuwa yamepoa zamani, miti imeota juu yake, watu wananunua majembe ya dukani. Kwa hiyo yale machache yaliyobaki yalitunzwa kwa ajili ya kuolea tu. Baba yake Yotamu, kabla hajafa, alimwachia mwanawe moja, limeviringishwa nyasi, limechomekwa darini kwenye moshi.

Turudi kwa washenga. Nimekwambia kitu kililia ndani ya blanketi. Mzee Halinga, huyo alikuwa mjomba wake Yotamu, mtu mpole anayekohoa kabla ya kila sentensi, aliketi mbele ya baba yangu na wazee wa kwetu. Akatoa kwanza mfuko wa chumvi ya Ivuna kwa ajili ya bibi. Vizuri. Halafu akalifungua blanketi, akaiweka dirii mkekani.

"Andrea," alimwambia baba, "ng'ombe tumeshakubaliana. Chumvi ya bibi ni hiyo. Na jembe ni hili."

Baba aliitazama muda. Akasema, "Halinga, ndugu yangu, niliomba jembe. Umeniletea fulana."

"Ni jembe. Lilikuwa jembe." Akakohoa. "Siwezi kukuficha. Ndilo lile aliloachiwa na marehemu. Kijana alirudi kutoka vitani akalitoa darini, akalifua akatengeneza hiki. Sisi tumejua juzi, tulipokwenda kulichukua. Lingine hatuna. Kama utakubali la dukani, kesho naleta."

Wazee wa kwetu wakaanza kuguna. Mmoja alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoharibu, kwa sababu baba hakupenda kuchekwa uani kwake. Alisimama. Akasema mtu aliyefua jembe la kuolea ameshasema mwenyewe kwamba hataki mke, na yeye atamkubalia. Akasema kesho yake atatuma mtu Mpemba.

Nililia, mwanangu. Nililia nimejiziba mdomo na kanga, macho bado yapo kwenye upenyo. Ndipo nilipoelewa kwa nini alinizuia nisiiguse. Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa pamoja, sikujua kipi kitangulie.

Bibi yangu, tulimwita bibi Nambeye, alikuwa amekaa ukutani akionja chumvi yake kwa ncha ya ulimi, kana kwamba haya hayamhusu. Akasema, "Andrea, kaa chini. Jembe huwa ni langu, si lako." Baba akakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto saba, na akakaa. Bibi akasema kijana aitwe. Wazee wakasema mposaji haingii kwenye maneno ya posa. Bibi akasema, "Leo ataingia."

Yotamu alikuwa anasubiri kule kwenye mistari ya kahawa. Alikuja amevaa koti lake la jeshi, amenyoa, akapiga magoti mbali kidogo. Bibi hakumsalimia sana. Alimwonyesha dirii kwa kidevu.

"Vaa tuone."

Akavua koti, akaivaa juu ya shati, akafunga mikanda bila kutazama. Mikono yake iliijua ile mikanda kuliko inavyojua vifungo vya shati. Bibi akanyanyuka kwa taabu, akamsogelea, akagonga kifuani kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mtu mlangoni.

"Chuma kizuri. Baba yako alikuwa fundi. Unaivaa lini?"

Yotamu akaukaza tena mkanda uliokwisha kukazwa. Bibi akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri, yule bibi.

"Ninapolala," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, bibi. Bila hiyo silali. Nikifumba macho nakisikia kinakuja tena, hapa hapa. Nikiivaa nasinzia kidogo." Akavuta pumzi. "Nilipolifua lile jembe sikuwa na mawazo ya kuoa. Sikujua hata kama nitaiona mvua nyingine."

Pale uani hapakuwa na mtu aliyecheka tena. Mzee Halinga alitazama chini, nikajua hata yeye alikuwa halijui hilo, na alikuwa akilala nyumba moja naye. Baba yangu alijipangusa uso kwa kiganja. Bibi bila kugeuka akaita, "Roda, toka huko jikoni. Najua unachungulia."

Nikatoka, macho mekundu, masizi puani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Unamtaka?"

Mbele ya wazee wote, msichana hajibu swali kama lile. Nikajibu. "Namtaka."

"Na hili vazi lake?"

Nikasema kilichonijia. "Yale mengine tumetengeneza pamoja, bibi. Hilo hajawahi kuniruhusu kuligusa."

Bibi akatikisa kichwa polepole, akamgeukia Yotamu. Nayakumbuka maneno yake yote, na hayo ndiyo niliyokuitia. Alisema, "Sikia, baba. Kofia yako, mikono yako ya debe, shati lako la vikuku, hayo sina neno nayo. Gonga mpaka uzeeke. Mwenye mikono lazima aipe cha kufanya. Hayo unayavaa, unayavua, unamvalisha mwenzio, mnacheka. Hili umejifungia ndani yake peke yako. Baba yako alikuachia jembe ili upate mtu wa kulala karibu nawe, na wewe umelifanya ukuta wa kumzuia. Hebu niambie, nikimleta mjukuu wangu kwako, kichwa chake atakiweka wapi?"

Yotamu akaanza kufungua mikanda.

"Lirudishe liwe jembe," bibi akasema. "Usikate hata kipande, nalitaka lote. Ukimaliza uniletee mwenyewe, mjomba wako asikubebee."

"Na nikishindwa, bibi?"

"Kulifua hutashindwa," akasema, na akarudi kwenye chumvi yake. Tulijua wote kwamba kufua sicho alichouliza.

Nikitaka kukupendezea ningesema alikwenda siku hiyo hiyo akaligonga. Hapana. Kibanda chake tulikisikia kutoka kwetu, ng'ambo ya kijito tu, na siku zikapita hakikulia. Moshi ulionekana ukitoka, nyundo haikusikika. Baba akaanza tena kuongea kuhusu Mpemba, safari hii kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba. Mama akawa hanitazami. Nilikuwa sili. Nikaona kwamba nikikaa tu kungoja, nitaolewa na ng'ombe wa watu.

Nikachukua debe. Bibi akaniona nikitoka nalo, akalichungulia ndani, akaona halina tundu lolote. Akasema, "Nenda, linavuja hilo."

Nilimkuta Yotamu amekaa mbele ya moto, nyundo iko mapajani, dirii iko juu ya fuawe, baridi. Macho yamemwingia ndani. Akaniambia, "Kila siku nawasha. Nyundo hainyanyuki." Akaniambia amejaribu kulala bila hiyo, akakaa macho anahesabu fito za paa. Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Nikaona aibu inavyomla, mwanamume aliyekwenda mpaka Bama, anamwambia msichana kwamba anaogopa kulala.

Ningesema nini? Sikuwa nimepigwa risasi na mtu. Nikaangalia mvukuto, ile ngozi ya kupulizia moto. Sasa, mvukuto wa mhunzi, mwanamke hakuugusa, mila hiyo ilikuwa kali kuliko zote, walisema chuma kitapasuka. Nikajiambia mila za matanuri zimekufa na matanuri yenyewe, na kama hazijafa zitanisamehe. Nikakaa chini, nikaushika. Nikavukuta. Yotamu alinitazama kama mtu anayeona mbuzi amepanda kitandani.

"Roda, acha."

"Kiweke ndani."

Akakiweka. Nadhani alikiweka kwa mshangao tu. Nikavukuta mpaka jasho likaniingia machoni, chuma kikaanza kuwa chekundu pembeni, kikaenea, kikawa rangi ya ndizi mbivu. Nawe umeshajua, umefanya kazi hiyo: chuma kikifika pale hakikungojei ufikiri. Ama unapiga, ama kinapoa na mkaa umepotea bure. Akakitoa na koleo. Akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, la pili likawa na hasira, halafu akawa anapiga huku analia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia, bila kujificha, na mimi nalia kwenye mvukuto wangu, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Kati ya moto na moto alianza kuniambia. Jina la rafiki yake aliyekuwa amelala karibu naye siku ile. Alikuwa anacheka nini kabla ya mlipuko. Mambo ambayo mjomba wake hakuyajua. Jua lilipoelekea milima ya Ileje, dirii ilikuwa jembe tena. Halikuwa zuri. Chuma hakikupasuka.

Alilileta mwenyewe asubuhi, amelishika kwa mikono miwili. Bibi akalipokea, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Na haya?"

"Ya mikanda, bibi. Ulisema nisikate."

"Yaache," akasema. Akalitazama jua kupitia tundu moja, kisha akamwangalia baba yangu kupitia tundu hilo hilo. Baba akacheka. Ndipo nilipojua nimeolewa.

Usingizi wake haukurudi pale pale, nisikudanganye. Mwaka wa kwanza tulikuwa wote wawili watu wa kusinzia mchana. Alikuwa akiamka anapapasa kifua akitafuta chuma, anakuta kichwa changu. Mara ya kwanza alishtuka nusura aniangushe. Baadaye akawa anapapasa, anakuta, anashusha pumzi. Baadaye zaidi akawa hapapasi. Nilijifungua mama yako ndipo nikagundua kwamba babu yako anakoroma, na nilifurahi siku ile kama nimepewa shamba.

Na kugonga hakuacha. Aligonga maisha yake yote. Kila Krismasi askari wa Herode kanisani kwetu walivaa chuma chake, vijana wakagombania kuwa upande wa Herode, hakuna aliyetaka kuwa mchungaji wa kondoo. Chapeo ile ya jumbe kuku alitagia humo mpaka ikaoza. Ila dirii hakutengeneza nyingine. Nilimuuliza mara moja, akasema anajua jinsi ya kuitengeneza, hivyo haina haja.

Bibi yangu alipokuwa anakufa alitoa jembe kichwani pake akanipa mimi mkononi. Mila haikusema hivyo. Alisema likikaa kwangu hakuna mwingine wa kulirudisha.

Sasa wewe. Tangu ile ajali ya lori pale mteremkoni, tangu tulipomzika utingo wako, hujasema jina lake humu ndani. Tunakuona unaingia kwenye kibanda asubuhi, unafunga mlango kwa komeo, unatoka giza limeingia. Mkeo alinijia juzi. Hakukushtaki, usimkasirikie. Aliniuliza tu kama babu yako naye alikuwa hasemi. Halafu jana unakuja kuniomba chuma cha kifua. Moyo wangu ulidunda, mwanangu. Nilidhani nimekisikia tena kile kitu kikilia ndani ya blanketi.

Nisikilize basi, nikwambie kama nilivyoambiwa. Fua unachotaka. Kofia, mikono, shati la vikuku, fua yote, ni kazi nzuri na mikono yako inafanana na yake. Ukimaliza kipande, mvalishe mtu, mcheke. Komeo la kibanda liondoe. Mkeo mpe koleo, akikosea vikuku mwelekeze, akikuzidi mwache akuzidi. Na kikiwepo kipande ambacho hutaki mtu akiguse, hicho ndicho ukitazame vizuri, maana hapo umeacha mchezo na umeanza kujificha. Kijana yule aliyekufa mtaje. Mtaje kwa mkeo kwanza. Alipenda nini, alikuwa anasema nini mlipokuwa njiani. Hutavunjika. Na ukivunjika, utakuwa na mtu wa kukuokota.

Jembe sikupi. Watakaokuja kununua vyuma chakavu kutoka Tunduma nao sitawapa, walichukue nikiwa maiti tu. Lakini juu ya dari ya kibanda, nyuma ya madebe, upo mvukuto wa babu yako. Ngozi imekauka, ipakeni mafuta ya ng'ombe polepole, itarudi. Huo nakupa. Nakupa kwa sharti moja, kwamba wa kuushika ni mkeo.

Haya, inuka, anakusubiri na chakula kinapoa. Mungu aliyempa babu yako usingizi akupe na wewe. Akupe kifua kisichohitaji chuma, na kichwa cha kuegemea juu yake, na watoto wa kugombania chapeo zako. Akutoe barabarani salama kila uendapo. Na siku utakayoanza kukoroma, mwanangu, mkeo aje aniambie, hata kama nitakuwa nimelala, aniamshe.